Kurasa Zinazojuana

Usiku wa tarehe 2 Machi 2014, Lupita Nyong'o alipanda jukwaani Hollywood kupokea Oscar kwa nafasi ya Patsey, mtumwa wa shamba la pamba katika filamu ya 12 Years a Slave. Muda mfupi baadaye filamu yenyewe ikatangazwa kuwa bora ya mwaka. Kenya ilikuwa ndiyo kwanza inaamka. Huko New York, gazeti la The New York Times likakumbuka kwamba lina hazina kabatini: habari lililoichapisha Januari 1853 kuhusu Solomon Northup, Mmarekani mweusi aliyezaliwa huru, akatekwa na kuuzwa utumwani, ambaye simulizi lake ndilo lililozaa filamu hiyo. Gazeti likaitupia Twitter habari hiyo yenye umri wa miaka 161, na watu wakaigombania.

Lakini faida haikwenda kwa wenye mali. Tovuti ya Gawker iliiona, ikanyofoa vipande, ikatengeneza habari yake fupi, nayo ikawa miongoni mwa habari zake zilizosomwa zaidi mwaka ule. Ni wasomaji wachache tu waliofika kwenye gazeti lililoiandika karne moja na nusu kabla.

Kisa hicho kinajulikana kwa sababu wenye gazeti walikisimulia wenyewe katika ripoti ya ndani iliyovuja Mei 2014. Kamati iliyoongozwa na A. G. Sulzberger, ambaye baadaye alikuja kuwa mchapishaji wa gazeti hilo, ilihesabu makala zaidi ya milioni 14.7 zilizorundikana tangu mwaka 1851, na ikakiri kwamba utajiri huo haumfikii msomaji inavyotakiwa. Mfano mmoja waliotoa unashangaza hadi leo: iliwachukua miaka saba kuweka alama ya kuzikusanya pamoja habari za mashambulizi ya Septemba 11. Waandishi walikuwapo, picha zilikuwapo, uchambuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kutoka habari moja kwenda nyingine.

Tovuti nyingi za Kiswahili, ziwe za kilimo, za afya, za dini au za biashara ndogo, zina ugonjwa huohuo kwa kipimo chake. Makala mpya hukaa juu kwa siku chache, husukumwa chini na nyingine, kisha huhamia ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi na nne, ambako hakuna mtu anayefika. Mwenye tovuti akiona Google haimletei wageni, huamua kuandika makala nyingine. Dawa ya bei nafuu zaidi, yaani kuziunganisha zile alizokwisha kuandika, huifikiria mwisho kabisa, kama ataifikiria.

Kiungo cha ndani ni kile kinachomtoa msomaji ukurasa mmoja na kumpeleka mwingine ndani ya tovuti ileile. Msomaji hukiona kama maneno ya bluu au yaliyopigiwa mstari. Google nayo hukiona kwa jicho lake. Ina programu iitwayo Googlebot ambayo kazi yake ni kutembea mtandaoni usiku na mchana: inafungua ukurasa, inasoma viungo vilivyomo, inavifuata mpaka kurasa nyingine, na kile inachokikuta inakihifadhi ili kiweze kutokea mtu anapotafuta jambo. Hutembea kama mgeni asiye na ramani ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar: kila uchochoro anaouona anaingia, na nyumba isiyopakana na uchochoro wowote hataijua kama ipo.

Ramani zipo, kwa kweli. Tangu Juni 2005 Google inapokea faili lenye orodha ya anwani zote za tovuti, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft zikakubali kutumia utaratibu huohuo. Faili moja linaweza kubeba anwani 50,000, na programu nyingi za kuendeshea tovuti, WordPress ikiwamo, hulitengeneza zenyewe bila mwenye tovuti kujua. Hata hivyo, orodha husema tu kwamba ukurasa upo. Haisemi unahusiana na nini, wala kama mwenyewe anauthamini. Hayo husemwa na viungo.

Na hilo ndilo wazo lililoizaa Google. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mtambo wao katika andiko la mwaka 1998. Waliegemea desturi ya wanazuoni: andiko linalotajwa na maandiko mengi lina uzito, na likitajwa na andiko zito, uzito huzidi. Eugene Garfield wa Philadelphia alikuwa akichapisha faharasa za namna hiyo kwa ajili ya sayansi tangu miaka ya 1960. Page na Brin waliihamishia hesabu hiyo kwenye kurasa za mtandao. Wakamfikiria mtu anayebofya viungo ovyo ovyo, bila kuchagua. Mara 85 katika 100 anafuata kiungo kimojawapo kilicho mbele yake, mara 15 anachoka na kurukia ukurasa mwingine wowote. Ukurasa ambao mtu huyo angejikuta ameufikia mara nyingi zaidi ndio wenye cheo. Hesabu hiyo ikaitwa PageRank, kwa jina la Page.

Kuna jambo katika hesabu ile ambalo wengi hulipita. Ilihusu kurasa, haikuhusu tovuti. Kiungo kilichotoka tovuti ya mbali na kilichotoka ukurasa wa pili wa tovuti hiyohiyo vyote vilibeba uzito. Kila ukurasa hugawa ulichonacho kwa kurasa unazoziunganisha: ukiwa na viungo vitano, kila kimoja hubeba sehemu ya tano, ukiwa na mia moja, kila kimoja hubeba sehemu ya mia. Google ya leo hutazama mambo mengine mengi mno, na tangu 2016 haioneshi tena hadharani alama ya PageRank ya ukurasa wowote, lakini watumishi wake wamesema zaidi ya mara moja kwamba hesabu hiyo bado imo ndani ya mtambo.

Kwa kuwa viungo vina uzito, biashara ya kuviuza haikuchelewa kuzaliwa. Februari 2011, The New York Times lilifichua kwamba kampuni ya maduka ya JCPenney ilikuwa ikitokea juu kabisa ya Google kwa maneno kama magauni, matandiko na mazulia, ikibebwa na maelfu ya viungo vilivyopachikwa kwenye tovuti zisizohusiana na nguo wala nyumba. Kampuni ilisema haikujua, ikaachana na wakala wake. Google ikaishusha, na maneno yaliyokuwa yakiileta ya kwanza yakaanza kuileta ya makumi. Mwaka uliofuata Google ilitoa marekebisho yaliyopewa jina la Penguin, yaliyolenga hila za aina hiyo moja kwa moja.

Kiungo cha ndani hakina kesi hiyo. Hakinunuliwi, hakiombwi kwa mtu, na hakuna wakala anayepaswa kulipwa. Mwenye tovuti anakiweka leo na kukitoa kesho akitaka. John Mueller, mmoja wa watu wa Google wanaojibu maswali ya wenye tovuti, alisema mwaka 2022 kwamba hili ni miongoni mwa mambo makubwa kabisa ambayo mtu anaweza kuyafanya katika tovuti yake ili kuwaonesha wageni na Google kurasa anazoziona muhimu. Inashangaza kwamba wanaotoza fedha kwa ushauri wa kuonekana Google huligusa kwa dakika mbili, kisha wakahamia kwenye bei ya viungo vya nje. Labda si ajabu: kazi isiyo na siri ni vigumu kuitoza.

Namna kiungo cha ndani kinavyofanya kazi huonekana vizuri zaidi kwenye tovuti ndogo. Tuseme kuna tovuti ya kubuni ya ufugaji wa kuku, yenye makala sitini. Mfugaji mmoja wa Singida, mkoa unaosifika kwa kuku wa kienyeji, anaamka asubuhi anakuta kuku wanahara kijani, wanapumua kwa shida, mmoja amepinda shingo. Anaandika dalili hizo kwenye simu. Google inamletea makala ya mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri. Makala ni nzuri: inaeleza dalili, inaeleza kwamba virusi vyake havina tiba, inaonya kuhusu kuleta kuku wapya kutoka sokoni na kuwachanganya na wa nyumbani. Halafu inaisha. Chini kabisa kuna picha ya mwandishi na maneno ya kumtakia msomaji siku njema.

Ndani ya tovuti hiyohiyo, makala tatu ambazo mfugaji huyo anazihitaji kuliko kitu chochote zimelala. Moja inaeleza chanjo ya I-2, ile inayodondoshwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Nyingine inaeleza jinsi ya kusafisha banda na kubadili maranda baada ya ugonjwa kupita. Ya tatu inaeleza namna ya kutofautisha mdondo na ugonjwa wa gumboro. Mwandishi alizitaja zote kwa maneno, kwamba “chanjo ipo” na kwamba “banda lisafishwe”, lakini hakuyapa maneno hayo mahali pa kubofya. Mfugaji anarudi Google kuanza upya, na safari hii anaangukia tovuti nyingine.

Ukikarabatiwa, ukurasa huo haubadiliki sana kwa macho. Pale penye “chanjo ya mdondo” panakuwa na kiungo kwenda makala ya chanjo. Pale panapotajwa gumboro panakuwa na kiungo. Kisha inafanyika kazi ambayo ndiyo husahaulika zaidi, ya upande wa pili: makala za zamani zilizokuwa zikitaja mdondo juujuu, ya kulea vifaranga, ya gharama za kuanzisha mradi wa kuku mia, ya kuku chotara, zote zinafunguliwa tena na kupewa kiungo kinachorudi kwenye makala ya mdondo. Viungo vinavyotoka humsaidia msomaji aliyekwisha kufika. Vinavyoingia ndivyo vinavyoiambia Google kwamba miongoni mwa kurasa sitini, huu ni nguzo.

Wataalamu wa kazi hii hupenda kuupanga mtandao huo kwa vikundi. Unaandikwa ukurasa mmoja mpana, tuseme wa magonjwa ya kuku kwa jumla, nao unaunganishwa na makala ya kila ugonjwa, na kila makala inaurudia. Mpangilio huo ni mzuri, ila umekuwa kama dini kwa baadhi ya watu, ambao huchora michoro ya miraba na mishale kabla hawajaandika hata makala kumi. Mada yenye makala nne haihitaji mchoro. Inahitaji mwandishi anayekumbuka alichokiandika mwaka jana.

Maneno yanayobeba kiungo yana kazi yake pia. Magazeti mengi ya mtandaoni yameyazoea “bofya hapa” na “soma zaidi”, maneno ambayo hayamwambii mtu chochote kuhusu anakopelekwa. Msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kusoma kwa sauti, mara nyingi huruka kutoka kiungo kimoja hadi kingine ili aujue ukurasa. Ukurasa wenye “bofya hapa” ishirini humsomea “bofya hapa” mara ishirini. Google nayo huyatumia maneno hayo kukisia mada ya ukurasa unaofuata, na miongozo yake inawataka waandishi watumie maneno mafupi, ya kueleza, yanayoeleweka hata yakisomwa peke yake. BBC Swahili mara nyingi hukatiza habari katikati kwa orodha fupi iliyoandikwa “Unaweza pia kusoma”, na chini yake hupanga vichwa kamili vya habari nyingine. Si ufundi wa hali ya juu, lakini kichwa kamili cha habari ni bora mara nyingi kuliko neno “hapa”.

Upo upande wa kupindukia. Mtu akisikia kwamba maneno ya kiungo yana maana, huanza kuandika “chanjo bora ya mdondo Tanzania” katika kila makala, neno kwa neno, hata sentensi ikivunjika. Msomaji huhisi mara moja kwamba hasemeshwi yeye. Maneno yakitoka ndani ya sentensi kwa kawaida, yatatofautiana yenyewe: hapa “mdondo”, pale “kideri”, kwingine “ugonjwa unaopindisha shingo”, na tofauti hizo zina faida, kwa sababu watu nao hutafuta kwa majina tofauti.

Hakuna mahali bora pa kujifunzia viungo vya ndani kuliko Wikipedia, na sababu ni kwamba takwimu zake ziko wazi kwa watafiti. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mwishoni mwa 2009 Google yenyewe iliendesha shindano la wanafunzi wa Kenya na Tanzania kuiandikia makala, kwa kuwa watu walikuwa wanatafuta mambo kwa Kiswahili na mtambo haukuwa na cha kuwapa. Mwandishi wa Wikipedia akitaka kuunganisha neno, huliweka ndani ya mabano mraba mawili kila upande, basi. Kama makala ya neno hilo ipo, kiungo huwa cha bluu. Kama haipo, huwa chekundu, na wekundu huo ni mwaliko kwa mwingine aje aiandike. Kando ya kila makala kuna kitufe ambacho wasomaji wengi hawajawahi kukibofya, kilichoandikwa “Viungo viungavyo ukurasa huu”. Kinaonesha kila makala inayoelekeza hapo. Ukikibofya ukakuta patupu, umempata yatima.

Mayatima ni wengi. Watafiti Akhil Arora, Robert West na Martin Gerlach walipozipitia Wikipedia za lugha zote, walikuta makala milioni 8.8, takriban asilimia 15 ya zote, ambazo hakuna makala nyingine hata moja inayoelekeza kwao. Zimeandikwa, zimehifadhiwa, na mtu anayesoma kwa kufuata viungo hawezi kuzifikia. Watafiti hao hawakuishia kuhesabu. Walifuatilia makala zilizokuwa yatima kisha zikapata kiungo, wakazilinganisha na zile zilizobaki vilevile, na wakaona kwamba kiungo chenyewe huleta ongezeko la wasomaji. Kwa miaka mingi wauzaji wa ushauri walikuwa wakilidai jambo hilo kwa kutumia mifano ya wateja wao. Hapa limepimwa na watu wasiouza chochote.

Yatima wa tovuti za kawaida huzaliwa kwa njia zinazojulikana. Ukurasa ulitengenezwa kwa ajili ya tangazo la Ramadhani, tangazo likaondolewa, ukurasa ukabaki. Bidhaa iliondolewa kwenye orodha ya duka lakini haikufutwa. Muundo wa tovuti ulibadilishwa, menyu mpya ikaacha nje idara mbili. Mwongozo wa Google kuhusu viungo una sharti moja linalogusa hapo: kila ukurasa ambao mtu anaujali uwe na angalau kiungo kimoja kutoka ukurasa mwingine wa tovuti yake.

Kutoka hapo mtu anaweza kudhani kwamba viungo vikizidi, mambo hunoga. Utafiti mwingine juu ya Wikipedia, wa mwaka 2016, unaizima hamu hiyo. Ashwin Paranjape, Robert West, Leila Zia na Jure Leskovec walichukua viungo takriban 800,000 vilivyoongezwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza Februari 2015, wakatazama vilivyotumika mwezi uliofuata. Asilimia 66 havikubofywa hata mara moja. Tena waligundua kwamba kuongeza viungo kwenye ukurasa hakuongezi idadi ya jumla ya watu wanaobofya. Vinagombania wasomaji walewale. Aliyekuwa afuate kiungo cha chanjo sasa anafuata cha historia ya kuku duniani, ama anachoka asifuate chochote.

Zamani Google ilishauri ukurasa usizidi viungo mia moja, ushauri uliotokana zaidi na uwezo mdogo wa mitambo ya wakati ule, na umeshaondolewa. Sasa husema hakuna idadi ya kichawi. Lakini Google ina hataza, iliyoombwa 2004 na kutolewa 2010, inayoeleza msomaji mwenye busara zaidi kuliko yule wa kubahatisha wa mwaka 1998: huyu huelekea kubofya kiungo kilicho mahali pa wazi chenye maneno yanayovutia, na hupita masharti ya matumizi yaliyojificha chini ya ukurasa. Kwa maelezo hayo, kiungo kimoja ndani ya aya ya pili kinaweza kuwa na maana zaidi kuliko vingi vilivyotupwa miguuni pa ukurasa. Tovuti zinazorundika huko chini majina ya kila mji na kila huduma, “fundi bomba Ilala, fundi bomba Temeke, fundi bomba Ubungo”, zinajichosha.

Kuna waliojaribu ujanja wa kinyume. Mwaka 2005 injini za utafutaji zilikubaliana alama ya kuiambia roboti isihesabu kiungo fulani, lengo likiwa kuzima matangazo ya walaghai kwenye maoni ya wasomaji. Punde wenye tovuti wakaanza kuipachika kwenye viungo vyao wenyewe, kurasa za mawasiliano na za sera, wakiamini uzito uliozuiwa huko utamiminikia kurasa za mauzo. Mwaka 2009 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza mapambano ya Google dhidi ya hila hizo, akawaeleza kwamba hesabu ilishabadilishwa zamani: uzito uliozuiwa unapotea tu. Watu walikuwa wametumia miezi wakichonga hewa.

Kwa Afrika Mashariki, ambako wasomaji wengi wa tovuti wako kwenye simu, hatari kubwa imejificha mahali pengine. Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kuzisoma tovuti kwa kutumia sura yao ya simu badala ya ile ya kompyuta, na Oktoba 2023 ikatangaza kwamba kazi ya kuhamisha tovuti imekamilika. Wabunifu wengi, ili kubana nafasi kwenye kioo kidogo, huondoa orodha ya makala zinazohusiana, huficha njia ya juu inayoonesha msomaji yuko sehemu gani ya tovuti, na kufupisha menyu. Kilichoondolewa kwenye simu, kwa Google hakipo. Mwenye tovuti anaikagua kwenye kompyuta ya ofisini na kuona kila kitu kiko sawa.

Hilo linakwenda na jingine la kiufundi ambalo fundi huweza kuliharibu bila kukusudia. Googlebot hufuata kwa uhakika viungo vilivyoandikwa kwa alama ya kawaida ya HTML, yenye anwani ndani yake. Kitufe kizuri kinachofungua ukurasa kwa programu ndogo ya JavaScript, bila anwani, kwa mtu kinafanya kazi. Kwa roboti kinaweza kuwa ukuta. Swali la kumuuliza fundi ni jepesi: mtu akishikilia kidole juu ya kiungo hiki, simu inampa nafasi ya kukifungua katika kichupo kipya? Isipompa, kuna uwezekano mkubwa hakijaandikwa kama kiungo.

Viungo navyo hufa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilionesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye, na kwamba asilimia 23 ya kurasa za habari zilikuwa na angalau kiungo kimoja kilichovunjika. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa tovuti akiwa CERN huko Uswisi, alikuwa amewasihi wenye tovuti tangu 1998 wasibadilishe anwani za kurasa zao, akisema kisingizio cha kubadilisha muundo si kisingizio. CERN yenyewe ililazimika, mwaka 2013, kuirudisha tovuti ya kwanza kabisa duniani kwenye anwani yake ya asili.

Anwani ikilazimika kubadilika, seva inaweza kuagizwa impeleke mgeni kwenye anwani mpya kwa namba ya 301, inayosema uhamisho ni wa kudumu. Google huufuata. Lakini viungo vya ndani havipaswi kutegemea msaada huo: vipo mikononi mwa mwenyewe, na kuvirekebisha vielekee moja kwa moja ni kazi ya kawaida ya usafi. Tovuti iliyohamishwa mara tatu bila kusafishwa humzungusha mgeni vituo vitatu kabla ya kufika, na kwa mtu wa kifurushi cha megabaiti mia kila mzunguko una gharama.

Mwenye tovuti anayetaka kuanza hahitaji kununua programu. Google Search Console ni ya bure, na ndani yake kuna ripoti ya viungo inayoorodhesha kurasa za tovuti kwa idadi ya viungo vya ndani vinavyoingia. Mara ya kwanza matokeo huchekesha: zinazoongoza huwa “Wasiliana Nasi” na “Sera ya Faragha”, kwa sababu zimo chini ya kila ukurasa. Hizo huachwa. Kinachotafutwa kiko chini ya orodha, pale ambapo makala iliyoandikwa kwa wiki nzima, yenye picha na mahojiano, imepata kiungo kimoja, nacho kinatoka kwenye orodha ya makala za mwezi.

Kazi inayofuata ni ya mikono. Kwenye Google mtu huandika site, nukta mbili, anwani ya tovuti yake bila nafasi, kisha neno analotaka, tuseme mdondo, na huletewa kurasa za tovuti hiyo zinazolitaja. Anazifungua moja moja. Penye sentensi inayoitaka makala ile, anaweka kiungo. Pasipo na sentensi hiyo, anapita. Makala tano au sita zenye uhusiano wa kweli zinatosha kwa kuanzia, na zile zinazoletewa wageni wengi tayari ndizo zianze. Majibu hayaji siku hiyohiyo: Google husema roboti yake huweza kuchukua siku chache hadi wiki kadhaa kurudi kwenye ukurasa uliobadilishwa, na kurasa inazozitembelea kwa nadra ndizo hizohizo zilizokuwa hazina viungo.